TUJIFUNZE KAZI YA FUNDI WA MOTERE ZA KAMIO



Muhula uliopita mwalimu mmoja aliingia darasani kwetu akauliza: «Baada ya diploma, kila mtu anataka kufanya kazi gani?» Wengi walijibu daktari. Wengine walijibu avoka, wengine kazi ya benki, wengine kazi katika mashirika. Mmoja wetu, akiwa nyuma karibu ya dirisha, alijibu: «Mimi nataka kutengeneza motere za kamio.» Darasa zima likacheka. Sisi viongozi wa wanafunzi, ambao kazi yetu ni kunyamazisha wenzetu, tulicheka pia. Tunaandika hii kwa sehemu ju ya kicheko kile.

Somo hili tumelitayarisha sisi wanne wa mwaka wa mwisho, ule wazazi wanauita bado mwaka wa sita. Likizo kubwa iliyopita tulifanya staji katika garaji moja ya mji wetu. Tulikuwa wavulana watatu na msichana mmoja. Tutaeleza mambo tuliyoyasoma katika vitabu, na mambo tuliyoyaona kwa macho. Pia tutaeleza kosa tulilolifanya, maana somo bila kosa ni nusu ya somo.

1. KAMIO NA SAHANI YETU

Kabla ya kucheka fundi, tuangalie sahani yetu ya jioni. Sambaza inatoka hapa hapa ziwani, ni kweli. Lakini unga, mchele, muhogo, maharagi, chumvi, sabuni, mabati, simenti, vile vyote vimepanda gari mahali fulani. Bukavu iko juu, karibu metre 1,500 juu ya bahari, katikati ya milima. Kutoka upande wa Uvira, kamio inapita bonde la Ruzizi, inafika Kamanyola, halafu inapanda mlima wa Ngomo. Njia ya pili inavuka mpaka na kupitia Rwanda. Kutoka Mwenga na Kamituga, barabara ni udongo na matope, na wakati wa mvua kamio inaweza kulala njiani siku nyingi. Kutoka upande wa Bunyakiri ni mlima na pori.

Basi kamio ikiharibika, si shofere peke yake anapata hasara. Mama anayengojea mzigo sokoni Kadutu anapata hasara. Mwenye duka anapandisha bei. Mwanafunzi naye anaambiwa nyumbani: «Ngojea kwanza, minerval tutalipa wakati mzigo utafika.» Wengi kati yetu tumeshasikia neno hilo.

2. MOTERE YA MAZUTU INAFANYA KAZI NAMNA GANI

Karibu kamio zote kubwa zinatumia mazutu, hazitumii esansi. Mtu aliyefikiri motere hii ni Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Aliomba haki ya uvumbuzi wake mwaka 1892, na mwaka 1897 motere yake ilifanya kazi vizuri katika mji wa Augsburg, ikiwa na nguvu ya farasi karibu 20. Ilikuwa kitu kikubwa na kizito, cha kusimama ndani ya kiwanda. Diesel mwenyewe alipotea baharini mwaka 1913 akisafiri kwenda Uingereza. Kamio za kwanza za mazutu zilionekana Ujerumani mwaka 1923 na 1924. Tangu mwaka 1927 kiwanda cha Robert Bosch kilianza kutengeneza kwa wingi pompe ndogo ya kusukuma mazutu, na ndipo motere hii ilipoenea katika magari.

Tofauti kubwa ni hii: motere ya esansi inahitaji cheche ya umeme ili kuwasha moto. Motere ya mazutu haina cheche. Inabana hewa tu. Wale wanaopuliza mpira wa kinga (velo) kwa pompe ya mkono wanajua kwamba pompe inapata moto. Sababu ni kwamba hewa ikibanwa inapata joto. Ndani ya silinda ya kamio hewa inabanwa mpaka inabaki sehemu moja tu kwa sehemu 16 au 20 za mwanzo, na joto lake linapita digrii 500. Wakati huo anjektere inapuliza mazutu kidogo sana, kama ukungu. Mazutu inakutana na ile hewa ya moto, inawaka yenyewe.

Kazi hii inagawanyika katika hatua ine:

Ya kwanza, kuvuta: pistoni inashuka, mlango wa hewa (sipapi ya kuingiza) uko wazi, hewa inaingia.
Ya pili, kubana: milango yote miwili imefungwa, pistoni inapanda, hewa inapata moto.
Ya tatu, kazi: mazutu inapulizwa, inawaka, pistoni inasukumwa chini kwa nguvu. Ni hatua hii moja tu inayotoa nguvu.
Ya ine, kutoa: sipapi ya pili inafunguka, pistoni inapanda na kufukuza moshi.

Kwa hatua zote ine, mti mkubwa wa chini wa motere unazunguka mara mbili. Tufanye hesabu: kama motere inazunguka mara 2,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 1,000 kwa dakika. Ikiwa na silinda 6, ni mara 6,000 kwa dakika moja. Na silinda haziwaki kwa kufuatana 1, 2, 3, maana mti ungepigwa upande mmoja. Katika motere nyingi za silinda 6 zilizo katika mstari mmoja, zinawaka hivi: 1, 5, 3, 6, 2, 4. Kila mwanafunzi wa garaji anaijua kwa moyo kuliko namba ya simu ya nyumbani.

3. MILIMA YETU NA MOTERE

Vitabu vingi vya motere vimeandikwa na watu wanaokaa karibu ya bahari. Fundi wa Bukavu anapaswa kujua mambo matatu zaidi.

La kwanza: hapa kwetu hewa ni nyepesi. Kwa metre 1,500, silinda inapata hewa pungufu, karibu sehemu 15 kwa mia. Ikiwa pompe inaleta mazutu ileile ya bahari, hewa haitoshi kuichoma yote, na kamio inatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Ndiyo sababu ile turbo ina faida kubwa milimani, kwa kuwa inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Lakini turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na inaponywa na mafuta ya motere. Shofere akizima motere ghafla baada ya kupanda mlima, mafuta yanasimama, na turbo bado inazunguka ikiwa na moto mkali. Inaungua. Ngojea dakika mbili, tatu, motere ikizunguka polepole, halafu zima.

La pili: hapa maji yanachemka mapema, karibu digrii 95, si 100. Kifuniko cha radiatere kinabana maji ili yasichemke haraka. Kifuniko kikichakaa, watu wanasema «motere ni mbaya», kumbe ni kifuniko. Lakini usikifungue wakati motere ina moto. Maji yanaruka usoni.

La tatu: kushuka. Mashofere wengine, wakishuka mlima kama Ngomo, wanaondoa vitesi na kuacha gari liteleze, eti wanahifadhi mazutu. Tulifikiri hivyo pia. Fundi alitueleza kwamba ni uongo mara mbili. Kamio ikishuka ndani ya vitesi, mguu ukiwa nje ya mazutu, pompe inakata mazutu yenyewe, maana magurudumu ndiyo yanazungusha motere. Ukiondoa vitesi, motere inahitaji mazutu ili isizimike. Kwa hiyo hauhifadhi kitu. Na tena unaachia freni kazi yote. Freni zinapata moto, zinaacha kushika, na chini kuko watu. Tunaomba kila mwenye papa au yaya shofere apeleke neno hili nyumbani, hata kama hataki kujifunza motere.

4. KUSOMA MOSHI

Fundi hafungui motere upesi. Kwanza anauliza shofere, kama daktari: «Ilianza lini? Ikiwa ya baridi ao ya moto? Ukipanda ao ukishuka?» Halafu anasikiliza. Halafu anaangalia moshi.

Moshi mweusi: mazutu ni mingi kuliko hewa. Angalia kwanza chujio la hewa, maana vumbi la barabara zetu linalijaza haraka. Halafu anjektere, halafu turbo.

Moshi wa bluu: motere inakula mafuta yake. Inaweza kuwa segma za pistoni zimechakaa, ao turbo inavujisha mafuta.

Moshi mweupe: asubuhi, motere ikiwa ya baridi, unaweza kuwa mazutu isiyowaka. Lakini ukiendelea wakati motere ina moto, na maji ya radiatere yanapunguka, ogopa. Labda maji yanaingia ndani ya silinda, maana ile jwe ya kulasi, yaani kipande chembamba kinachofunga kati ya kifuniko cha juu na mwili wa motere, kimeungua.

Shida nyingine ya kila wiki ni hewa ndani ya njia ya mazutu. Kamio ikikaukiwa na mazutu, hewa inaingia katika mirija, na hata ukijaza tangi, motere haiwaki. Kijana anayepiga demarere tena na tena anaua batri bure. Inapaswa kulegeza kabulo kadogo ka kutolea hewa, kupiga pompe ya mkono mpaka mazutu itoke bila povu, halafu kufunga. Hili lilikuwa somo letu la kwanza. Dada yetu ndiye alijua mbele ya sisi wavulana kuona wapi hewa iliingia: alisikia mlio mdogo kwenye mrija uliopasuka. Wafanyakazi waliokuwa wakimcheka asubuhi, jioni walimwita akasikilize gari lingine.

Na usafi! Tulidhani fundi ni mtu wa uchafu. Lakini ndani ya pompe ya mazutu, nafasi kati ya vipande ni elfu chache tu za milimetre. Unywele wa mtu ni mnene mara nyingi kupita hapo. Mchanga mdogo usioonekana unatosha kuharibu. Mazutu inayouzwa ndani ya bido mara nyingi iko na maji na vumbi. Kwa hiyo fundi wetu alikuwa na nguo zenye mafuta, lakini meza ya pompe ilikuwa safi kuliko meza ya mess yetu.

5. NJIA ZA KUJIFUNZA

Kuko njia tatu, na mtu anaweza kuziunga.

Njia ya kwanza ni shule. Kwa sheria ya mwaka 2014, masomo ya msingi ni miaka 8, halafu kunafuata humanités. Katika humanités ya ufundi unasoma miaka 4 na kufanya mtihani wa diploma ya Serikali, katika mekanike ya magari ao mekanike jenerali ao umeme. Katika mji wetu, Institut Technique Fundi Maendeleo inajulikana tangu zamani, na jina lake linasema kazi yake. Mwenye diploma anaweza kuendelea na chuo cha juu cha ufundi, kama ISTA ya Kinshasa.

Njia ya pili ni mafundisho mafupi ya kazi. Institut National de Préparation Professionnelle, ile INPP, iliundwa mwaka 1964 ili kufundisha watu kazi za mikono, na imekuwa na tawi lake Bukavu. Hapo wanapokea pia watu wazima na wale waliokwisha kuanza kazi.

Njia ya tatu ni garaji yenyewe. Mtoto anapelekwa kwa fundi na mzazi wake, wanapatana, anaanza kwa kufagia. Fundi wetu alitueleza mpango wake. Kwanza unajua majina na namba za funguo: akisema «13», unaleta 13 bila kuangalia. Halafu unaosha vipande. Halafu unabadilisha mafuta na machujio. Halafu freni na magurudumu. Halafu unafungua motere chini ya macho yake. Kupima sipapi na kufunga kulasi kunakuja nyuma sana, na pompe ni ya mwisho kabisa. Kwa wengine inapita miaka mitatu, kwa wengine mitano.

Kila njia ina upungufu wake. Mwanafunzi wa shule anaweza kuchora motere nzima ubaoni lakini hajaishika motere yenye moto. Mwanafunzi wa garaji anaifungua na kuifunga, lakini wakati kitabu kinasema nguvu ya kufunga bulo, hawezi kukisoma, anafunga kwa kukadiria. Na siku hizi kamio mpya ziko na kompyuta. Mazutu inasukumwa kwa nguvu inayopita bari 1,500, na kosa linasomwa kwa chombo cha umeme, kwa Kifaransa ao Kiingereza. Kwa hiyo fizike, umeme, hesabu na lugha, yale masomo tunayosinziamo saa ya nane, ndiyo vifaa vya kazi pia.

6. ILE EKRU NDOGO

Sasa tueleze kosa letu.

Ilikuwa wiki yetu ya tano. Kamio moja ilikuwa inatoka Bukavu kwenda Kamituga kesho yake. Fundi alikuwa amefunga kulasi yeye mwenyewe, akianza na bulo za katikati na kwenda pembeni, hatua kwa hatua, ili kifuniko kikae sawasawa. Akatuachia kazi nyepesi: kurudisha bomba la kuingiza hewa. Ilikuwa magaribi, umeme ulikuwa umekatika, tulikuwa na taa moja ya simu. Ekru moja ikatuponyoka. Tulisikia «ting», halafu kimya.

Tulitafuta chini. Hatukuona. Mmoja wetu akasema: «Imeanguka mu mavumbi.» Mwingine akasema: «Na kama imeingia mu tundu?» Hakuna aliyejibu. Tulichukua ekru nyingine katika sanduku, tukafunga bomba, tukanawa mikono, tukasalimia muzee, tukaenda. Njiani hakuna aliyezungumza. Kila mtu alijua maana yake: ekru ndani ya silinda inapigwa kati ya pistoni na sipapi, na motere inavunjika mara moja, ao mbaya zaidi, inavunjika katikati ya mlima na watu wakiwa juu ya mzigo.

Asubuhi saa kumi na mbili kamio ilikuwa imejaa. Wamama walikuwa wamekwisha kupanda juu ya mifuko. Fundi alikuwa na ufunguo mkononi. Sisi wavulana watatu, mmoja wetu akiwa kiongozi wa shule mwenye kuandika majina ya wachelewaji kila asubuhi, tuliangalia chini. Ni dada yetu aliyesogea.

«Muzee, tafazali, usiiwashe kwanza. Jana kuko ekru tulipoteza. Hatujue iko wapi.»

Fundi hakupiga kelele. Alimwangalia, akatuangalia sisi, akaweka ufunguo mfukoni. Mwenye kamio alikuja na hasira, akatutukana, akamtukana na fundi. Wamama wakashuka. Tulifungua bomba upya, tukaangalia kila tundu kwa taa na kwa sumaku, tukazungusha motere kwa mkono. Saa ine nzima. Ndani ya motere hamukuwa kitu. Ekru tuliikuta ndani ya kile kitambaa tulichopangusia mikono.

Tulifikiri fundi atasema: «Munaona, mumenipotezea siku bure.» Mwenye kamio alikata sehemu ya malipo yake mbele ya macho yetu. Lakini wakati gari lilikuwa limekwenda, muzee alikaa juu ya mpira wa zamani akasema:

«Saa ine zimepotea, na pesa kidogo. Lakini hii motere sasa naijua. Jana usiku hakuna mutu aliijua, hata nyinyi wenye kuifunga. Motere haina huruma ya kusema: ni batoto, tubaachilie.»

Halafu akaleta sahani ya bati. Tangu siku ile kila bulo na kila ekru inahesabiwa ikitoka, inawekwa sahani, inahesabiwa tena ikirudi. Ikikosekana moja, hakuna mtu anaenda nyumbani. Wavulana watatu tuliosimama tukiangalia chini tunaandika wazi hapa: tungeweza kuachia gari lile liondoke. Tulikuwa tumekwisha kuliachia.

7. MAMBO YA KUJILINDA

Kwa yule anayetaka kuanza, ashike haya kabla ya kushika ufunguo:

a) Usiingie chini ya kamio inayosimama juu ya kriki peke yake. Weka vitegemeo vya chuma ao miti minene, na zuia magurudumu.
b) Usiwashe motere ndani ya nyumba iliyofungwa. Moshi wake unaua, na sehemu yenye kuua haina harufu.
c) Usiweke mkono mbele ya anjektere inayopimwa. Mazutu inatoboa ngozi na kuingia ndani. Jeraha ni dogo kwa macho, lakini ni la kupelekwa hospitali palepale.
d) Usivae nguo yenye kuning'inia karibu na mikanda inayozunguka. Mwenye nywele ndefu azifunge.
e) Mafuta ya zamani usiyamwage katika mfereji. Mfereji unashuka ziwani, na ziwani ndimo tunavua sambaza.

8. RAFIKI YETU

Yule aliyejibu karibu ya dirisha, ambaye darasa lilimcheka, ni mmoja wa sisi wanne. Ametupa ruhusa ya kuandika haya bila jina. Nyumbani kwao pesa zimekosekana, na minerval yake ina deni. Baada ya likizo alirudi kwa fundi, na sisi tulimsindikiza.

«Muzee, nataka kuacha masomo. Nikuje hapa kila siku.»

«Uko mwaka gani?»

«Wa mwisho.»

Fundi akatoa kitabu cha motere, kile chenye jalada lililochanika, chenye alama za vidole vyeusi kila ukurasa. Akamwambia: «Mimi hiki kitabu ninakiangalia ju ya mapicha tu. Miaka makumi mbili. Wewe unakisoma. Unataka kuacha kusoma ili ukuwe kama mimi, na mimi niko natafuta mutu wa kunisomea.»

Rafiki yetu akajibu: «Lakini diploma haitakula leo, muzee. Na nyumbani banakula leo.»

Fundi akanyamaza sana. Alijua ni kweli. Sisi pia tulijua, na hatukuwa na neno la kusema. Mwishoni walipatana hivi: kila siku ya posho, rafiki yetu anaenda garaji toka asubuhi mpaka magaribi. Anafanya kazi, na saa ya kupumzika anasoma kitabu kwa sauti, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili, na wafanyakazi wote wanasikiliza. Fundi anamlipa kidogo, nusu inaenda nyumbani, nusu inaenda kwenye minerval. Wiki ya kwanza kitabu kilieleza nguvu ya kufunga bulo za kulasi za ile motere wanayotengeneza kila mwezi. Muzee aliomba asome mara tatu, halafu akaandika namba kwa chaki ukutani.

Deni halijaisha. Siku tunapoandika hii bado iko ya muhula mzima, na mtihani unakaribia. Hatujui kama atafika nasi mpaka siku ile. Kwa hiyo hatuwezi kuandika kama vitabu vinavyoandika, kwamba yote yaliisha vizuri.

Tunachoweza kusema ni hiki. Mtu akisema anataka kuwa fundi wa motere, amechagua kazi inayotaka hesabu, sikio, mikono safi, na ulimi unaosema kweli hata asubuhi ile watu wamekwisha kupanda juu ya mzigo. Daktari naye anahitaji vile vile. Mwalimu akiuliza tena darasani, tuone nani atacheka.

MASWALI YA KUJIFUNZIA

1. Kwa nini motere ya mazutu haihitaji cheche ya umeme?
2. Motere ya silinda 6 inazunguka mara 1,800 kwa dakika. Silinda zote pamoja zinawaka mara ngapi kwa dakika?
3. Kamio isiyo na turbo imetoka Uvira na kufika Bukavu, inatoa moshi mweusi zaidi. Eleza sababu mbili zinazowezekana.
4. Shofere anasema: «Ninashuka bila vitesi ili nihifadhi mazutu.» Utamjibu nini?
5. Umepoteza ekru magaribi, na hakuna aliyekuona. Utafanya nini? Swali hili usilijibu kwenye karatasi.

Majibu ya maswali 1 mpaka 4 mutaleta kwetu siku ya kwanza ya juma lijalo, saa ya mapumziko, chini ya mti wa avoka. Anayetaka kuona vipande vya motere kwa macho aje pia, maana fundi ametuazima pistoni moja ya zamani. Ni nzito, musiiangushe mguuni.

Kiongozi wa wanafunzi, pamoja na wenzake watatu wa mwaka wa mwisho